Siku Nyanya Alipoomba Kuwaona Ndovu

Wiki mbili zilizopita binti yangu alinipigia simu kutoka Nchiru, anakosoma na kupanga chumba pamoja na wenzake wawili. Alikuwa na haraka, kama kawaida yake. Darasa lao lilikuwa linapelekwa tripu kwenye hifadhi ya wanyama, ndani ya msitu ulio juu ya Kiirua, na alitaka kujua avae viatu gani. Nikamwambia avae gambuti na abebe sweta nzito.

"Kwani mami umewahi kuenda huko?"

Nikasema nimewahi, mara moja, nikiwa msichana mdogo. Alingoja niendelee, nami sikuendelea. Nilimwambia chai inamwagika jikoni, nikakata simu. Hakukuwa na chai motoni. Nilikaa pale kitini na simu mkononi mpaka jua likahama dirishani. Wewe msomaji ni kama rafiki wa siku nyingi, na kwa rafiki mtu hana haraka, basi acha nikusimulie nilichoshindwa kumsimulia mtoto wangu.

Kiirua ya utoto wangu ilikuwa ya upepo. Ulishuka mlimani tangu asubuhi, ukapita juu ya mashamba ya ngano, ukaja kugonga mabati ya nyumba yetu ya mbao mpaka ukadhani kuna mgeni anabisha hodi. Tulilima waru, hivyo viazi ambavyo watu wa mbali huviita mbatata, pamoja na njegere na mahindi kidogo. Mama alikuwa akipeleka magunia Gakoromone siku za soko na kurudi na chumvi, mafuta, na mara chache viatu. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji ya mfereji na kumenya waru za mukimo, ule mseto wa kupondwa. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kuingia jikoni kwa Nyanya kuwasha moto, maana yeye wakati huo alikuwa akikamua ng'ombe. Mpaka leo nikisikia harufu ya moshi wa mwerezi nakumbuka uji wa wimbi ukitoa mapovu kwenye sufuria nyeusi, na mlio wa maziwa yakipiga ndoo nje.

Nyanya huyo alikuwa mama yake baba. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na hakupenda maneno mengi. "Waru haimngoji mvivu," ndivyo alivyokuwa akituamsha, na hakusema mara mbili. Yeye na Babu walikuwa wakilima shamba letu la chini, lile lililopakana na msitu. Hakukuwa na ua wakati ule, ila mtaro wa zamani ambao mvua ilikuwa imeshaujaza udongo. Ng'ambo ya mtaro, miti ilianza ghafla, mirefu, myeusi, imesimama kama watu waliokuja kwenye mkutano na bado hawajaambiwa wakae.

Babu aliuawa na ndovu wakati waru zikiwa zimetoa maua meupe. Alitoka alfajiri, ukungu ukiwa umelala shambani, akaangalie kama nguruwe wa mwitu wamechimba. Tulisikia sauti moja tu. Haikuwa ya ndovu, ilikuwa yake, akimwita mbwa. Sisi watoto hatukuruhusiwa kushuka. Nilichoona ni jirani yetu akipanda na kofia ya Babu, ameishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mayai.

Siku ya mazishi watu walijaa uani, kwaya ya kanisa ikaimba, wanawake wakalia. Nyanya hakulia. Aliketi kwenye kiti chake akiangalia miguu ya watu. Nilimsikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mama kwamba si vizuri mjane kukauka macho hivyo, atakuja kuumwa.

Siku ya tatu baada ya mazishi walikuja askari wa wanyama na bunduki. Kijiji kizima kiliwafuata, wanaume na mapanga, wamekasirika, maana wengi walikuwa wamelala njaa kwa sababu ya ndovu na sasa mtu alikuwa amekufa. Baba, ambaye alikuwa mwalimu katika shule yetu ya msingi, alikwenda nao kwa niaba ya familia. Mchana tukasikia bunduki mara mbili. Baadaye watu walirudi na nyama kwenye magunia na sufuria, wengine wakiimba. Jirani mmoja alituletea fungu, Nyanya akamwambia alirudishe. Kisha akasimama mlangoni akimngoja baba.

"Ni yeye?" akamwuliza.

"Ni yeye, mama," baba akasema. "Imekwisha."

Lakini haikwisha. Tangu siku hiyo Nyanya hakushuka tena shamba la chini. Aligeuza kiti chake cha kukamulia ili akae ameupa msitu mgongo. Magugu yalipanda, mama akajaribu kulima kipande peke yake, akashindwa. Waru zilizosalia zilioza ardhini. Nyanya alikula kidogo, akajibu alipoulizwa, akaenda kanisani, akarudi. Mwaka ukapita hivyo. Hakuna aliyelitaja jina la Babu mbele yake, na nadhani huko kunyamaza kwetu ndiko kulikomfanya azidi kwenda mbali nasi.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa nane, mwezi ambao Kiirua huwa haioni jua hata wiki nzima. Jumapili moja, tukila githeri ya mahindi na maharagwe baada ya kanisa, Nyanya akaweka kijiko chini.

"Nataka nipelekwe mahali ndovu wanakaa."

Baba alicheka kidogo, kisha akaona kwamba hakuna mwingine aliyecheka. "Mahali gani, mama?"

"Huko kwenye hifadhi. Watu wanatoka Nairobi kuja kuwaona. Mimi nimeishi nao ukuta kwa ukuta tangu niolewe, na sijawahi kumwona mmoja amesimama akaniangalia. Nataka nimwone."

Baba alisema mvua, akasema miguu ya Nyanya, akasema gari. Nyanya alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Jumamosi itafaa." Basi ikawa Jumamosi.

Baba aliazima pikapu ya jirani aliyelima ngano. Mama aliamka mapema akachemsha nduma, ndizi na mayai, akajaza chupa mbili za chai ya maziwa yenye tangawizi. Nyanya alivaa koti lake la kanisani na kufunga kitambaa kipya kichwani. Yeye na mama waliketi mbele na baba. Mimi na mdogo wangu, wa miaka minne, tulikaa nyuma juu ya magunia matupu, tumejifunika blanketi, na ukungu ukatulowesha nyusi. Nilikuwa na furaha, na niliona aibu kuwa na furaha.

Kwenye geti la hifadhi kulikuwa na askari mmoja tu, mrefu, mwembamba, wa makamo, amevaa sweta ya kijani iliyochanika kiwiko. Alikuwa mtu wa Mbeere, huko chini Embu kwenye nchi kavu. Lugha yake na yetu ni ndugu, kwa hiyo aliweza kuongea na Nyanya bila shida. Aliwakaribisha wakubwa vizuri, akampa baba kitabu cha wageni aandike jina na kijiji, na baba akaandika bila kumtazama. Kisha akakigeuza kitabu akasoma. Akasoma tena. Nilikuwa nimesimama karibu, kwa hiyo nilimwona: alifunga kitabu polepole, akamtazama Nyanya, halafu akasema yeye mwenyewe atatutembeza.

Ndani ya msitu hakukuwa na upepo. Hicho ndicho kitu cha kwanza kilichonishangaza mimi, mtoto wa Kiirua. Maji yalidondoka kutoka jani hadi jani. Askari alituonyesha muuru, mti ambao mafundi wa kwetu walitengenezea meza na vitanda, mnene kiasi kwamba mimi, mama na baba tusingeweza kuuzunguka kwa mikono. Alituonyesha mbega juu kabisa, weusi kwa weupe, wakiruka na mikia kama mabua ya ngano. Mdogo wangu alipiga makofi. Nyanya aliangalia kila alichoonyeshwa, akatikisa kichwa kwa adabu, na kuendelea kutembea. Hakuja kwa ajili ya mbega.

Tulifika mahali penye uwazi, chini ya kilima kidogo. Udongo wake ni mwekundu na una chumvi, wanyama huja kuulamba. Juu ya kilima kulikuwa na magogo ya kukalia na uzio wa mbao. Tukakaa. Askari akatuambia tusiongee kwa sauti. Sijui tulikaa muda gani, miguu yangu ilikuwa imeshakufa ganzi, nilipoona kwamba miti ya upande wa pili ilikuwa inatembea.

Walikuwa tisa. Niliwahesabu kwa vidole ndani ya blanketi. Walitoka bila kelele yoyote, na mpaka leo sielewi kitu kikubwa hivyo hupitaje kwenye matawi makavu kama paka. Wa kwanza alikuwa jike mkubwa, sikio lake moja limepasuka. Ndama wawili walitembea chini ya matumbo ya mama zao. Nyanya alisimama, akaushika uzio kwa mikono yake mikubwa. Yule wa kwanza akainua mkonga wake, akanusa upande wetu, akasimama hivyo, akimwangalia. Nao wakaangaliana.

"Yule alikuwa mkubwa kuliko huyu?" Nyanya akauliza, bila kugeuka.

"Yupi, cucu?" askari akasema, akimwita nyanya kwa lugha yake.

"Yule mliyemuua kwa sababu ya mzee wangu."

Askari alivua kofia yake. Nakumbuka nywele zake zilikuwa zimelala kwa jasho, ingawa kulikuwa na baridi.

"Cucu, mimi ndio nilipiga yule ndovu. Tangu nisome jina lenu kwa kitabu pale geti nimekuwa nikijiuliza kama nitasema ama nitanyamaza. Hakuwa mkubwa. Alikuwa jike. Alikuwa ananyonyesha."

Mama alimvuta mdogo wangu mapajani.

"Endelea," Nyanya akasema.

"Nyayo tulizopata kwa shamba lenu zilikuwa za dume. Dume hutembea peke yake. Tulizipima kwa fimbo, tukazifuata mpaka mtoni, zikapotelea kwa maji. Na watu walikuwa nyuma yetu na mapanga. Mkubwa wangu akasema tukirudi mikono mitupu hawa wataingia msituni wenyewe, na tutazika wengine. Wakati tunarudi tukamkuta huyo jike karibu na mtaro. Nikaambiwa piga. Nikapiga."

Baba alikuwa ameshasimama. "Bwana, huyu ni mama mzee. Umeona faida gani kumwambia maneno hayo leo?"

Askari hakumjibu kwa hasira. Alisema polepole, kama mtu anayeomba radhi, "Mwalimu, wewe ulikuwepo. Wewe ndio ulinishikia fimbo."

Ndovu chini waliendelea kuchimba udongo kwa pembe zao. Nyanya aliuacha uzio, akageuka.

"Ulijua?"

"Mama, ulikuwa huli. Hulali. Nilitaka tu upumzike."

"Nimekuuliza kama ulijua."

"Nilijua," baba akasema.

Lazima uelewe baba alikuwa mtu wa aina gani. Darasani kwake mtoto angeweza kusamehewa kuchelewa, kusahau kitabu, hata kuvunja dirisha. Uongo hakuusamehe. "Njia ya mwongo ni fupi," alisema, na fimbo ikafuata. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaionja. Siku ile nilitazama ncha za gambuti zangu na kutamani niwe nyumbani namenya waru.

Nyanya hakupiga kelele. Alimgeukia askari tena. "Umesema alikuwa ananyonyesha. Mtoto alikwenda wapi?"

"Alikaa na mama yake siku mbili, cucu. Tulimfukuza aende kwa wenzake, anarudi. Siku ya tatu nilienda asubuhi, hayuko. Kila kundi likitoka hapa mimi huangalia ndama wa umri huo. Siwezi kujua kama ni mmoja wa hawa. Siwezi kusema uongo."

"Nipeleke mahali alipoangukia."

Baba akaanza kusema juu ya miguu yake. Mama akamgusa mkono.

Tulitembea karibu nusu saa, askari mbele, Nyanya nyuma yake akitumia fimbo, kisha mama na mimi. Baba alikuja wa mwisho akimshika mdogo wangu mkono. Hapakuwa mbali kama nilivyodhani. Tulipofika, viwavi, ile mimea ya kuwasha, na majani ya mnanaa wa mwitu vilikuwa vimefunika kila kitu, na katikati yake mbavu zilisimama, nyeupe, kama nguzo za nyumba ambayo haikumalizika. Fuvu lilikuwa limelala ubavu. Pembe hazikuwepo. Ndani ya tundu moja kubwa uyoga mdogo ulikuwa umeota.

Halafu mama akaniambia nitazame mbele. Kupitia miti niliona mtaro wa zamani, magugu ya shamba letu, na juu yake mabati ya nyumba yetu. Niliona hata kiti cha Nyanya cha kukamulia pale uani. Mwaka mzima alikuwa amekaa ameipa mifupa ile mgongo, karibu kiasi kwamba angeweza kuitupia jiwe.

Nyanya aliketi chini, kwenye majani mabichi, na koti lake la kanisani. Akafungua kitambaa kichwani. Kisha akalitaja jina la Babu. Alilitaja mara ya pili, na sauti ikamtoka, ile ambayo wanawake waliingoja siku ya mazishi. Alilia kwa muda mrefu. Ndege walinyamaza, au labda ni mimi niliyeacha kuwasikia. Baba alipiga hatua mbili kumwendea, Nyanya akainua mkono, naye akasimama pale pale, mikono imelegea, kama mtoto aliyeambiwa asimame mbele ya darasa.

Alipomaliza alijifuta uso kwa kitambaa, akamwangalia askari.

"Nyumba yangu unaiona pale. Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Niliogopa, cucu."

"Uliogopa nini? Mimi nina bunduki?"

"Niliogopa macho yako."

"Basi umeyaona," Nyanya akasema. "Leteni chakula."

Mama alifungua kiondo. Nyanya alichukua nduma moja, akaivunja katikati, nusu akampa askari na nusu akala yeye. Askari aliipokea kwa mikono miwili, akala akiwa amechuchumaa. Nyanya akammenyea yai. Sisi wengine mama alitugawia. Baba hakupewa chochote na mkono wa Nyanya siku hiyo, ni mama aliyemmiminia chai. Chai ilikuwa imeshapoa.

Jumatatu iliyofuata niliingia jikoni kuwasha moto, nikakuta ndoo ya maziwa imeshafunikwa na Nyanya hayupo. Nilimkuta shamba la chini, jembe mkononi, amevua viatu, anang'oa magugu. Nilimwuliza kama haogopi, na yule dume bado yu hai huko ndani.

"Naogopa," akasema. "Nilipoambiwa amekufa nilibaki na hasira tu, na hasira hailimi. Sasa najua yuko. Nitangoja ukungu utoke ndipo nishuke, na nitakuja na mbwa wawili. Chukua jembe."

Baba alikaa karibu msimu mzima bila kuongeleshwa na mama yake. Nyanya alimwekea chakula, akamwekea chai, hakumpa neno. Sijawahi kumwona baba akiwa mdogo hivyo. Kila Jumamosi alishuka shamba la chini akalima kuanzia mtaroni, upande wa hatari, peke yake, na Nyanya akalima kuanzia juu. Wiki baada ya wiki walikaribiana. Siku mistari yao ilipokutana, Nyanya alijinyoosha mgongo, akamwambia, "Baba, nipe maji." Kwetu mama humwita hivyo mwana aliyepewa jina la baba mkwe wake, na hakuwa amemwita hivyo tangu mazishi. Baba alimpa kibuyu, akageuka upande, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Nyanya aliishi miaka mingi baada ya hapo na alikufa kitandani kwake. Mama na baba nao wametangulia. Askari yule alihamishwa, kisha tukasikia amestaafu na kurudi Mbeere, na baadaye hatukusikia kitu. Miti mikubwa ya muuru ilikatwa, mmoja mmoja, katika miaka ambayo hakuna aliyeuliza. Siku hizi kuna ua wa umeme pale palipokuwa na mtaro, na ni jambo jema, watu wanalala. Ndovu akivunja ua na kumwumiza mtu kuna fomu za kujaza, na ofisi ya kuzipeleka. Sijasikia kwamba kuna mtu aliyewahi kumwendea mjane na kumwambia, ni mimi.

Mifupa sikuiona tena. Niliporudi nikiwa mtu mzima, viwavi vilikuwa virefu kunizidi, na vijana niliowauliza walidhani natafuta mpaka wa shamba.

Mdogo wangu leo ni mzee mwenye duka la mbegu na mbolea karibu na soko la Gakoromone. Nilimwuliza mwaka jana anakumbuka nini kuhusu safari ile. Alifikiri sana. Hakumbuki ndovu, wala kilio, wala baba akiwa amesimama mikono imelegea. Anakumbuka tu kwamba wakati wa kurudi alichoka, na mjomba fulani akambeba mgongoni mpaka kwenye gari, mjomba mwenye sweta iliyonuka moshi, akimwimbia kwa sauti ya chini maneno ambayo yalikaribia kuwa ya kwetu. Aliniuliza mjomba yule alikuwa nani, upande wa mama au wa baba.

Siku hiyo wateja walikuwa wengi na sikumjibu. Nimeandika haya ili ajue aliyembeba ni nani.